Fundi Aliyezuiwa Benchini

Benchi letu linatazamana na dirisha la dawa la zahanati, kwa hiyo mambo ya pale hutufikia kabla wenyewe hawajayajua. Mimi nauza kahawa. Wenzangu kazi yao ni kuinywa na kukosea methali. Asubuhi hiyo kompyuta ya dirishani ilikuwa imejisasisha yenyewe, ikagoma kufungua kumbukumbu za wagonjwa. Mke wa Wembe, kinyozi wetu, alikuwa ndani akingoja vidonge vya kifafa, na mtoa dawa amekataa kukisia kipimo. Fundi wa kompyuta alipotokea na mkoba wake, hakuufikia mlango. Wembe alimkalisha katikati yetu.

— Kaa, mdogo wangu. Tueleze kwanza.

— Kaka, kwa walivyonieleza kwa simu, kumbukumbu zote zipo salama. Kilichokwama ni kiunganishi, kile kinachopeleka maombi ya programu kwenye hifadhi na kurudisha majibu. Mashine imegeuka mpya, kiunganishi kimebaki cha zamani. Havielewani.

— Nani kaigeuza?

— Imejisasisha yenyewe.

Redio, tunayemwita hivyo kwa kuwa hanyamazi, alicheka kwa pua.

— Yenyewe. Mimi suruali hii ninayo tangu mwaka juzi, mbona haijisasishi?

— Kikulacho ki nguoni mwako, Wembe akasema.

— Hiyo ya suruali au ya kompyuta? nikamuuliza.

Redio akashusha sauti.

— Mafundi hawa wanaviharibu vitu wakiwa kwao, halafu wanakuja na mkoba. Umewahi kuona fundi analia kitu kikiharibika?

— Hata kinyozi halii nywele zikiota, nikasema.

— Bibi, wewe mimina, Wembe akasema.

Nikamimina, na fundi naye nikampa kikombe.

— Mimi nawaambia, Redio akaendelea, zile kumbukumbu zinahamishwa. Kuna mtu mahali ananunua maradhi ya watu.

— Ya nini? nikauliza. Yake hayamtoshi?

— Ajue mtaa gani umebakiwa na wagonjwa watupu. Auchukue bila hata kurushiana mawe.

Fundi akasimama.

— Wazee wangu, niacheni niingie. Naweka kiunganishi kinacholingana, najaribu, halafu nazima huko kujisasisha.

Wembe akaudaka mkanda wa mkoba.

— Azime! Mmesikia? Mke wangu yumo mle, mtu anataka kuzima.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, Redio akasema. Kaa, fundi. Kunywa kikombe kingine.

Nami nikampa kingine. Mteja ni mteja.

Ndipo mke wa Wembe akatoka zahanati, mkono mmoja ukutani. Kidonge chake cha mwisho alikimeza jana.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu.

— Huyu ndiye fundi?

— Ndiye, mke wangu, Wembe akasema. Tunamchunguza.

— Na kule ndani anatengeneza nani?

Redio akaangalia kikombe chake. Mimi nikachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Mwanamke akasogea, akavibandua vidole vya mumewe kwenye mkanda ule, kimoja kimoja, na fundi akakimbilia mlangoni na kikombe changu mkononi.