Sauti Iliyoishia Getini

Wazee wetu, ndugu, majirani, na ninyi mafundi mliokuja na mabegi yenu ya kompyuta hata msibani, familia imenikabidhi mimi kazi ya kusoma historia ya mdogo wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyembeba mgongoni, na kwa sababu, kama wifi yangu alivyosema jana bila kunionea haya, katika nyumba hii ni mimi pekee ninayeweza kusoma huku nalia na bado nikaeleweka. Jina lake la kwenye vyeti mmeliona pale mlangoni, sitalirudia, maana hakuna aliyelitumia isipokuwa walimu na mwajiri, sisi wengine wote tulimwita Waya, na huyo Waya ndiye tunayemzika leo.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1969, kitinda mimba wa baba yetu, opareta wa simu, na mama yetu, mshonaji, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya jengo la mitambo ya simu, chumba na sebule, ukuta mmoja tukiutumia pamoja na mitambo yenyewe, hata tukazoea kusinzia huku swichi zinagonga upande wa pili kama cherehani ya mama. Baba alikaa mbele ya ubao wa kuunganishia simu, vipokea sauti kichwani, akichomeka waya huu hapa na ule pale, mtu wa mji huu akazungumza na mtu wa mji ule, na alikuwa akituambia, kwa majivuno ambayo sitayaficha ati kwa kuwa tuko msibani, kwamba laini ya simu ina hali mbili tu, ama ni nzima ama imekufa, hakuna laini nusu. Naomba mlishike neno hilo, tutakutana nalo mbele. Vipande vya waya vilivyobaki kazini alimletea mwanawe, mtoto akajaza mifuko, mama akifua vinamchoma vidole, anafoka, huyu Waya huyu, na jina likaganda.

Alianza shule ya msingi mwaka 1977 akamaliza mwaka 1983, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila walimu walimjua wote, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza redio ya ofisi yao, na mwalimu mkuu akamchapa kwa kuwa ndiye aliyeiharibu. Akaendelea na sekondari hadi mwaka 1987, kisha chuo cha ufundi, ambako mwaka 1991 alitunukiwa stashahada ya mawasiliano ya simu, na siku hiyo baba alisimama nyuma ya ukumbi akapiga makofi, hata watu wote walipokuwa wameacha, yeye bado anapiga, ikabidi nimvute koti.

Mwaka 1992 aliajiriwa na benki, idara ya mitambo, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mtandao, na baba, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na ubao wake umeng'olewa na kuwekwa mashine isiyohitaji mtu, alipona uchungu wa kustaafu kwa kumtaja Waya, kila mgeni aliyeketi kwetu aliambiwa habari za benki kabla hajapewa hata maji. Tarehe 6 Desemba 1997 Waya alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, aliyempata kwa kwenda mara nne kutengeneza kompyuta ya shule ambayo haikuwa na ubovu wowote, na wifi yangu, ambaye kuhesabu ndiyo kazi yake, alishamgundua tangu mara ya pili, akanyamaza aone atafika wapi. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti mwaka 1999 na kijana mwaka 2003, wote tunao, ingawa binti bado yuko angani tunaposoma haya, ndege yake inatua jioni.

Mwaka 2006 Waya aliacha kazi benki. Najua hapa kuna wazee ambao hadi leo hawajaelewa alikwenda kufanya nini, kwa hiyo nitaeleza kama alivyonieleza mimi, mkunga mstaafu, nikiwa jikoni namenya vitunguu. Kila ofisi yenye intaneti inahitaji mlinzi wa getini, programu inayoangalia kila kinachoingia na kila kinachotoka, mafundi wanaiita ukuta wa moto, na kuna ukuta mmoja ambao hauna mwenyewe, ni programu huria, mafundi wa nchi nyingi wanaujenga pamoja na yeyote anauchukua bure, shule, zahanati, duka. Waya alijiunga nao, na akataka kuuongezea kitu kimoja ambacho haukuwa nacho, huduma ya simu za intaneti ndani yake, ili mahali padogo pasipo na uwezo wa kununua mitambo ya simu papate ulinzi na simu katika kisanduku kimoja. Jioni alikuwa akifundisha chuoni ili watoto wapate chakula, mchana wote ulikuwa wa ukuta.

Baba hakulipokea jambo hilo. Alimwita Waya sebuleni, sisi tukiwepo, akamwambia kwamba mtu anayeacha kazi ya heshima ili afanye kazi ya bure ni ombaomba anayeona haya kunyoosha mkono, na Waya, ambaye hakuwahi kumjibu baba tangu azaliwe, siku hiyo alijibu, akasema afadhali ombaomba kuliko mtu aliyekaa na kiburi cha ubao uliokwishatupwa. Loo! Nilitamani sakafu ipasuke. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kama watu waliogombea mpaka wa kiwanja, habari za asubuhi, nzuri, basi. Hata hivyo kisanduku chake alikileta nyumbani kwa wazazi, akakifunga kwenye rafu karibu na saa, akaweka na simu ya mezani juu yake, kwa sababu mama aliomba awe anaongea na wajukuu bila kuhangaikia vocha. Baba akikipita alikuwa anakizunguka kwa mbali, utadhani kinauma.

Sasa nifike kwenye Jumatano ya tarehe 15 Oktoba 2008. Asubuhi ile Waya, akiwa kwake, alituma kwenye kisanduku cha wazazi toleo jipya la ile huduma ya simu, lile alilokuwa akilihangaikia kwa miezi, na alikuwa amelijaribu vizuri, simu moja sebuleni kwake, nyingine chumbani, binti yake huku, yeye kule, wakaongea, wakacheka, wakaimbiana, akasema imekubali. Mafundi mliopo mmeshaona kosa, naona mnavyotikisa vichwa. Simu zote mbili zilikuwa ndani ya ukuta mmoja, hakuna sauti iliyopita getini.

Siku hiyohiyo mzee aliyefanya kazi na baba enzi za mitambo alimtembelea, akamwambia kwamba ofisi ya mwanawe inalindwa na ule ukuta, na kwamba jina la Waya limo ndani yake kati ya majina ya waliojenga. Mama alitusimulia kwamba mgeni alipoondoka baba alinyanyuka, akaenda kwenye rafu, akashika ile simu kwa mara ya kwanza na kubonyeza namba. Waya akapokea, akasikia sauti ya baba safi kabisa, kama yuko chumba cha pili, ikisema, mwanangu, nilikuita ombaomba, nilikosea, neno lile nalirudisha. Waya akaitika. Baba akauliza, unanisikia? Waya akasema, nakusikia baba, nipo. Baba akauliza tena, na Waya akaelewa, akaanza kupiga kelele, nipo baba, nakusikia baba, mpaka wifi yangu akatoka uani mbio akidhani kuna moto, na kelele zote hizo hazikufika hata neno moja. Simu ya intaneti ina njia mbili, moja inabeba mlio, kwamba fulani anapiga, nyingine inabeba sauti zenyewe, na mlinzi wa kwa Waya alikwishafundishwa zote mbili, ila wa kwa baba alikuwa ameelezwa habari za njia ya kwanza peke yake. Sauti ya baba ilitoka bila kuulizwa kitu, sauti ya Waya ilipofika getini haikutambulika, ikarudishwa, na mlinzi aliyeirudisha ni yuleyule Waya aliyemweka kwa mikono yake.

Baba akasema, simu imeita, umepokea, nimesikia ilivyofunguka, kama hutaki kusema nami basi, akaiweka chini.

Waya alipiga palepale kwenye simu ya mkononi ya mama, akamweleza, mama akamweleza baba, akambembeleza, akamwekea simu sikioni, baba akaisukuma. Fundi wa simu gani huyo, alisema, ambaye simu yake inasikia na haisemi, yeye ameunganisha watu tangu ujana wake, laini ni nzima au imekufa, hakuna laini nusu, alipokuwa na nafasi ya kusema hakusema. Ujuzi wake wote wa miaka mingi ulimwambia kwamba mwanawe amemnyamazia makusudi. Waya akamwambia mama kwamba Jumamosi atakuja mwenyewe, atamwonyesha kwa macho yake, na Ijumaa asubuhi baba alifariki kwenye kiti chake, moyo. Jumamosi Waya alikuja kweli, akakuta viti vimepangwa nje, akashuka na begi, na ndani ya begi kulikuwa na simu mbili na kisanduku, vya kumwonyesha baba jinsi laini inavyoweza kuwa nusu.

Nasema wazi, jambo hili lilimuuma mdogo wangu hadi kufa kwake, na linaniuma mimi. Mama, hadi alipotutoka mwaka 2017, alimwambia kwamba baba alijua, kwamba mzazi hujua tu, naye aliitikia kwa heshima na hakuamini. Ubovu wenyewe aliurekebisha wiki ileile ya msiba, akiwa kwenye chumba cha cherehani ya mama, mlango umefungwa, akatoka akasema ilikuwa ni mistari michache tu ya programu, halafu akakaa kwenye kibaraza akalia kama mtoto, na kilichomliza, nadhani, ni huo uchache.

Huduma ile ilitolewa rasmi kwa watu wote mwaka 2009, na ndani yake Waya aliweka kitu ambacho kiliwaudhi watumiaji wengi. Kabla ufungaji wa kisanduku haujakamilika, mtambo unakupigia simu ukiwa nje ya ukuta, unakuuliza kama unausikia, kisha unakusubiri useme, na usiposikika haukuachii uendelee mbele hata ufanyeje. Watu walilalamika kwamba ni usumbufu, wenzake wakamwandikia mara nyingi kwamba kitolewe, na yeye, mtu mpole aliyekubali kukosolewa katika kila jambo, katika hilo alikuwa na kichwa kigumu, akajibu kila mara kwa sentensi moja, kwamba kitabaki, bila kusema sababu. Ninyi wenzake mliomwandikia kwa hasira, wengine mmekaa hapa mbele, sababu ndiyo hiyo mmeisikia.

Tarehe 22 Novemba 2023 Waya alipatwa na kiharusi akiwa mezani pake, akalazwa, akapata nafuu ya mguu na mkono, lakini maneno hayakurudi, alikuwa anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na hakuweza kutoa hata neno moja. Mimi niliyeijua habari yake nilipomwona anafungua mdomo na kuufunga niligeukia dirishani, sikuweza kuangalia. Binti yake, anayefanya kazi nchi ya mbali, akawa anapiga kila siku kwenye simu ileile ya ukuta wake wa moto, mama yake anaiweka kwenye mto karibu na sikio, na mara ya kwanza Waya alihangaika sana, jasho likamtoka, akijitahidi amjibu, akiniangalia mimi, na nilijua anachokiogopa, kwamba mtoto atauliza unanisikia, hatajibiwa, ataikata. Binti akasema, baba tulia, usihangaike kujibu, nasikia unavyopumua. Waya akafumba macho. Tangu siku ile hakuhangaika tena, binti anasimulia habari zake, mvua, bosi wake, bei za huko, na baba yake anapumua, wakamaliza mazungumzo yao hivyo, miezi yote mitano.

Ijumaa iliyopita, tarehe 3 Mei 2024, saa tisa alasiri, simu ikiwa kwenye mto, mimi na wifi tukiwa tumekaa chumbani humo tunakunja nguo, tulidhani amelala. Ni binti aliyeko mbali ndiye aliyetuambia, shangazi, mama, mwangalieni baba, simsikii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, na yule mtaalamu wa mazoezi aliyemfundisha kutembea tena huku akitaniwa kwa macho tu, majirani waliotuletea viti kabla hatujaomba, wafanyakazi wenzake wa zamani wa benki, wanafunzi wake wa jioni, na mafundi wa ule ukuta, wa hapa na wa nchi ambazo sijui hata kuzitamka, mliotuandikia kwamba kile kipengele kinachowaudhi watu hakitatolewa, tumewasikia, ahsanteni sana.

Na wewe, Waya, mdogo wangu, baba alikata simu kabla hujafika, sasa huko hakuna geti kati yenu, nenda ukamwambie kwamba siku ile ulimjibu. Ukishamwambia, pumzika kwa amani.