Nusu ya Bustani Ni ya Rajnikant

Njooni karibu, wanangu, karibu zaidi ya hapo, maana sauti iliyokuwa inafika mpaka mstari wa nyuma wa uwanja wa soko bila kipaza sauti leo haifiki hata mlangoni. Mwigulu, kaa chini, usinisimamie kama mgambo aliyekuja kukamata pombe. Lusia, mayu, mama yangu, acha kunipepea, joto silisikii, ninachosikia ni pumzi inayokataa kushuka. Na wewe Mbuke, mke wangu, kaa hapo hapo mlangoni uangalie njia, na akitokea mtu yeyote kutoka upande wa madukani uniambie ni nani, hata ukiona nimefumba macho.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri mzee anaigiza. Ni haki yenu, kwa sababu nimekufa jukwaani mara nyingi: nimekufa kwa kupaliwa na ugali, nimekufa kwa kusikia bei ya sukari, na kule Nkome nilikufa vizuri kiasi kwamba wauza dagaa wawili walianza kubishana nani akamwambie mjane. Lakini zamu hii miguu imevimba mpaka viatu vimenikana, na daktari alipomaliza kunipima alimwita mama yenu nje wakaongee, na mgonjwa ambaye mambo yake yanaongelewa nje hahitaji kuelezwa zaidi. Basi nisikilizeni mara hii moja kama mnavyomsikiliza mtu ambaye hajawahi kuwachekesha.

Nyumba hii ni ya mama yenu, na asije mtu na busara zake akamhamishia chumba cha uani. Ng'ombe wanne walioko Mhunze kwa ndugu yangu Mageni, wawili ni wa Lusia na wawili ni wa Mwigulu, na Lusia achague kwanza, kwa sababu yeye anajua ng'ombe, Mwigulu anajua nyama. Mavazi ya kikundi chetu cha vichekesho, lile koti la mwenyekiti, miwani isiyo na vioo, ndevu za katani na madaftari yote ni ya Lusia. Usishtuke, mayu. Nimeona unavyoandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu ukidhani sifiki huko. Kile kichekesho cha bibi harusi aliyekimbia na mpishi kinafaa, ila umekichelewesha, mpishi aingie mapema.

Sasa bustani. Hapa ndipo ninapoogopa, na ndiyo maana nimewaita asubuhi hii kabla Mwigulu hajatoka. Mvua ya kwanza imenyesha juzi, kumbikumbi wameruka, udongo wa kule bondeni umelainika na harufu yake inafika mpaka humu ndani, na kwenye kitalu miche ya bilinganya imeshatoa majani manne. Wiki hii ikipita haijahamishwa itarefuka shingo iwe ya bure. Kila mwaka harufu hii ilikuwa inaniamsha kama kijana mwenye miadi. Mwaka huu imenijia nikashtuka, kama mtu aliyeitwa jina lake na asimwone anayemwita.

Na juzi hiyo hiyo, mkidhani nimelala, nilimsikia Mwigulu barazani na wale watu wawili wenye nyundo, waliopasua jiwe pale kwenye kona ya bamia, wakalilamba, wakaligeuzageuza juani, wakasema mwamba wa dhahabu unapita chini ya mboga zangu. Nikakusikia, mwanangu, ukiwaambia: "Mzee akishapumzika tutafungua duara, tuanze kuchimba." Akishapumzika! Umelichagua neno hilo kwa adabu, nakusifu. Na watakuja Alhamisi kuchukua jibu, na leo ni Jumanne.

Sikuiti mwizi. Kijana gani wa Geita anaweza kulala juu ya dhahabu akaota mchicha? Tena sisemi dhahabu haipo, sijui, mimi macho yangu yanaishia kina cha jembe. Ninachojua ni kwamba nusu ya bustani ile si yangu, kwa hiyo siwezi kukuachia, na wewe huwezi kuitoboa. Hati ina jina langu peke yangu. Mkienda ofisi ya kata mtashinda kabla hamjakaa kwenye benchi. Lakini kuanzia mfereji wa katikati mpaka kwenye uzio wa michongoma ni ya Rajnikant, mwenye duka la vitambaa na mbegu, na ushahidi wake ni mkono wake tu na mkono wangu tulipopeana, na mkono wangu ndio huu ulioacha kushika jembe.

Mbuke, nani huyo? Muuza mkaa. Haya.

Miaka hii ya karibuni mmemzoea Rajnikant kama mtu tunayempita bila kumsalimia. Mimi nilifika hapa mwaka wa sabini na tatu nikiwa manju wa kundi la kulima kwa nyimbo, jembe begani, mdomo mbele, nikaingia dukani kwake kutafuta mbegu za kitunguu, nikamsalimia kwa Kiswahili cha kumsaidia, polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Akanijibu kwa Kisukuma cha kwetu kabisa, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani na kwa nini nimevaa shati kinyume. Kazaliwa Shinyanga yule, Kisukuma chake kinakishinda chako, Mwigulu. Nikakaa juu ya gunia la maharage nikacheka mpaka mama yake, ambaye sote tulimwita Ba, akatoka nyuma kuangalia kama kuna mtu anaumwa.

Tukanunua kile kipande pamoja. Kuhusu hati akasema, "Andika jina lako, mimi nina makaratasi ya kutosha dukani." Kila mvua za kwanza tulikuwa tunashuka bondeni asubuhi, yeye na suruali yake ameikunja, mimi kifua wazi, tunahamisha miche, na hapo ndipo vichekesho vyote vya kikundi vilipozaliwa. Sheria yetu ilikuwa moja. Mmoja anasema alichobuni, mwingine anaendelea kupanda. Mikono ikiendelea, hakifai, kitupwe. Mikono ikisimama, kinaenda jukwaani. Nilikuwa naweza kusema asubuhi nzima na yule bwana anapanda tu, anapanda tu, giligilani mstari kwa mstari, uso kama ukuta. Halafu yeye anafungua mdomo mara moja, na mche unanidondoka.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hili sijalisema popote. Ule mchezo wa mkutano wa kijiji ambao mwenyekiti anakosa watu akawahesabu mbuzi ili akidi itimie, ulioniletea jina kutoka hapa mpaka Shinyanga, ulioimbwa na kurudiwa mpaka na watoto wa shule: haukuwa wangu. Aliusema Rajnikant huku anachuma bamia, hata hakuinua kichwa. Na mwingine, na mwingine. Nusu ya kila kitu mlichonipigia makofi ni yake. Nilikuwa nikimwambia apande jukwaani nimtaje, anakataa, anasema wateja wake wakishajua anachekesha watamwomba kanga bure. Lusia, kwenye madaftari kila palipo na tone la wino pembeni ni pake. Uandike jina lake, herufi zote.

Nipe maji. Kidogo. Haya.

Siku moja tukipanda vitunguu nikamwambia, "Rajni, Mhindi na Msukuma hawana utani, hii ni kasoro." Akasema, "Basi tuuanzishe leo, na mimi ndiye wa kwanza kukutukana." Akanitukana kwa Kisukuma tusi ambalo mpaka leo sijapata jibu lake. Kwangu mimi neno hilo halikuwa mchezo. Mnajua mtani anavyofanya msibani kwetu: anaingia kaburini analala, hatoki mpaka apewe chake, na wafiwa wanacheka machozi hayajakauka, na huo ndio upendo, tena asipofanya hivyo ndiyo watu wanauliza waligombana nini.

Basi Ba akafa, miaka mitano iliyopita, mvua kama hizi. Nikapanda nao gari mpaka Mwanza, wanapochomea maiti zao. Nikaziona kuni zimepangwa vizuri, mwili bado uko pembeni, watu wamevaa meupe, na moyoni nikajiambia: Pantaleo, wewe ndiye mtani pekee waliye naye hapa, usimwangushe rafiki yako. Nikapanda juu ya zile kuni. Nikalala chali. Nikasema kwa sauti yangu ile ya mstari wa nyuma: "Sishuki mpaka nipewe jogoo mwekundu!"

Jogoo, wanangu. Kwa watu wasiokula hata yai.

Kukawa kimya. Mchekeshaji anajua kimya cha kabla ya kicheko, kile kinachopanda kama maziwa jikoni, na mimi nikadhani ndicho hicho. Nikangoja. Nikaongeza, "Na awe na mkia mrefu!" Akaja Ruchi, binti wa Rajnikant, akiwa bado msichana mdogo wa shule, akanishika mkono wa shati akasema, "Baba Mwigulu, shuka, tafadhali." Sikushuka haraka. Ndipo Rajnikant akasogea, akasema kwa Kisukuma, taratibu, ili wenzake wasielewe: "Shuka. Huyu ni mama yangu."

Nikashuka. Tangu siku ile hakuvuka tena ule mfereji.

Nimelima upande wake peke yangu misimu mitano. Bamia zake, uwatu wake, giligilani yake, kila mavuno mama yenu anapeleka kikapu dukani, na kikapu kinarudi kimeoshwa. Neno hakuna. Kimeoshwa kwa sababu kasamehe, au kimeoshwa kwa sababu hataki udongo wangu dukani kwake? Nimekikodolea macho kile kikapu usiku na mchana, kama mtu asiyejua kusoma aliyeletewa barua.

Mtasema, si ungemwomba radhi? Nilikwenda. Mara ya kwanza nilisimama kwenye kaunta, neno lilikuwa mdomoni kabisa, nikasikia mdomo unasema, "Rajni, yule jogoo bado namngoja." Alikuwa anakata kitambaa, akaendelea kukata. Mara ya pili nikaandika barua, nikaisoma nikaona haina ladha, nikaitia chumvi, nikaitia pilipili, nilipomaliza ilikuwa tamthilia ya watu wanne. Niliichana. Mara ya tatu tulikutana posta, mimi na yeye tu kwenye foleni, nikaigiza kufa. Ndiyo. Nikaanguka pale sakafuni. Karani akapiga kelele, na Rajnikant akaniruka, akanunua stempu zake, akaenda. Maisha yangu yote, wanangu, nikiogopa nachekesha, na yeye ndiye mtu niliyemwogopa kuliko wote.

Kwa hiyo leo mnakwenda ninyi. Wote wawili. Mwigulu ndiye atakayesema, kwa sababu yeye ndiye anayetaka kuchimba, na anayetaka kitu cha mtu amwangalie mwenye kitu usoni. Lusia utasimama nyuma yake, na akianza kuongeza maneno umkanyage mguu, maana ana mdomo wangu huyu. Mtasema, "Shikamoo, Baba Ruchi," mtangoja aitikie, hata akichelewa. Halafu mtamwambia nusu ya bustani ni yake na mmekuja kumuuliza. Akisema chimbeni, chimbeni, msije kaburini kwangu kunung'unika. Akisema hapana, Mwigulu, Alhamisi utawaambia wale watu hapana kwa mdomo wako, si kwa kujificha. Lakini hayo baadaye. Kwanza ni neno langu. Hebu jaribu, nikusikie. Sema.

Nini? "Baba anakusalimu kutoka nusu ya kaburi, nusu nyingine ni yako"?

Mnaona! Na wewe Lusia unacheka, na mama yenu kule mlangoni mabega yanamtikisika. Ni kizuri, mwanangu. Ni kizuri kweli, Lusia akiandike. Ila ukikipeleka dukani kwa Rajnikant nitakuwa nimekufa na mzigo wangu uleule, na wewe utakuwa umeurithi kabla ya ng'ombe.

Rudia. Usiniangalie mimi, angalia ukuta. Bado. Umetabasamu, nimesikia.

Haya, acha. Nitasema mwenyewe, ninyi mbebe kama lilivyo. Ngojeni nipate pumzi.

Rajnikant. Nilipanda juu ya kuni za mama yako. Nilidhani nakupenda kwa njia yetu, sikukuuliza njia yenu. Nilikosea. Ba alinilisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mimi sikumpa hata kimya. Nisamehe.

Basi. Hakuna mkia. Mmeona ilivyo fupi? Miaka mitano.

Mbuke, njoo, acha mlango sasa, nishike hapa. Msinipeleke Mhunze, ni mbali, nizikeni hapa Geita. Watani wakija waacheni wafanye yao. Miche mhamishe jioni, si jua kali, na mshindilie udongo kwa vidole, si kwa kisigino, Mwigulu, kwa vidole. Upande wake kwanza.

Mungu awape mikono isiyochoka. Awape rafiki wa kuwanyamazisha. Lusia, akupe watu wa kukucheka vizuri. Mwigulu, akupe... akupe unachokitafuta, na akupe kukitambua. Nimewasamehe yote, na ninyi nisameheni makelele.

Saa ngapi? Saa mbili anafungua duka. Nendeni basi. Nendeni, mama yenu yupo. Mvua ikiwakuta njiani msisimame kujikinga. Tembeeni tu.