Dada Yetu, Mama Anzia-Juu

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Anzia-Juu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 hapa bondeni, kifungua mimba wa fundi viatu na muuza mboga.

Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wake alisema angefika mbali kama angepunguza kuuliza. Hakupunguza.

Ushonaji alifundishwa na shangazi, na mwaka 1974 akafungua chumba chake cha cherehani pale kona. Miaka miwili baadaye aliolewa na fundi bomba, mtu asiye na maneno mengi. "Yeye ana masikio, mimi nina mdomo," alisema dada, "nyumba imekamilika."

Kila mvua kubwa bonde lilifurika, na hadithi ilikuwa moja: watu wa bondeni ni wachafu, wameziba mfereji, wamejitakia. Hata sisi tuliisimulia. Baada ya mafuriko ya Aprili 1998, baraza la mji likataka kutuhamisha kwa hadithi hiyohiyo. Dada akaweka sharti: anayesimulia mafuriko chumbani mwake aanzie juu, kilimani, ambako miti ilikatwa na uwanja wa maghala ukamwagiwa saruji.

"Mama, mimi nimefuata suruali tu," alilalamika kinyozi.

"Suruali ipo. Maji yalitoka wapi?"

"Yaliingia mlangoni."

"Yalizaliwa mlangoni? Anzia juu, baba."

Akaongeza kuwa mvua nazo zimeharibika. Wenye mitambo na magari wanachafua hewa, sisi tunaotembea kwa miguu ndio tunaolala majini.

Siku ya kikao cha baraza, kinyozi alisimama wa kwanza, akaanzia juu. Waliomfuata wote wakaanzia juu.

"Mmepangwa?" aliuliza ofisa.

"Tumesimuliana," alijibu dada.

Hatukuhamishwa. Wenye maghala waliamriwa kuchimba bwawa la kuzuia maji na kurudisha miti. Vyote vipo hadi leo.

Mwaka jana figo zake zilianza kushindwa. Daktari alipomwuliza maumivu yalianza lini, alianzia utotoni. Daktari akavuta kiti. Alifariki Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na mdogo wake aliyeandika haya.

Leo tunampandisha kilimani, makaburini, karibu na miti ile. Apumzike kwa amani huko juu, alikotufundisha kuanzia.