Mama Vipimo Anastaafu, Diski Zake Hazisomeki

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi katika karakana yetu ya miguu bandia, Mama Vipimo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mkuu wa karakana ameniomba mimi, fundi wa magoti, niandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa kwa wiki tatu sasa hakuna aliyecheka kwa dhati humu ndani.

Alianza kazi kama mkoroga plasta. Alirudi nyumbani mikono ikiwa myeupe hadi viwikoni, na kwa maelezo yake mwenyewe, wanawe waliamini kwa miaka kadhaa kwamba mama yao anaoka mikate. Mwaka wa tatu akagundua kwamba sisi mafundi tunaandika vipimo vya wagonjwa nyuma ya risiti, viganjani, na safari moja kwenye ukuta, ambao baadaye ulipakwa rangi. Akaomba daftari. Daftari likazaa madaftari, na kompyuta ilipoletwa ni yeye peke yake aliyeisogelea. Wengine tuliizunguka kwa mbali kama mbwa wa jirani.

Humo aliingiza vipimo vya watu elfu mbili mia tatu na kumi na saba: urefu, mzunguko wa paja, pembe ya unyayo, mahali ngozi inapouma. Akikutana na mgonjwa wa zamani barabarani, jina anakuwa amelisahau, lakini atakwambia ni mguu wa kushoto, sentimita thelathini na nane, hapendi kubanwa kwa nyuma. Chai ilikuwa marufuku ndani ya hatua tano za mashine ile. Mkuu wa karakana mwenyewe aliwahi kutimuliwa pamoja na kikombe chake, akaenda kunywea stoo bila ubishi.

Kuna mwalimu wa hesabu anayeishi mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Mguu wake ukichakaa, alikuwa akipiga simu tu. Mama Vipimo anafungua kumbukumbu zake, sisi tunachonga, mguu unapandishwa basi, na wiki inayofuata mwalimu yuko mbele ya darasa. Watu wa namna yake walikaribia mia nne.

Sasa nifike kwenye kasha. Kasha la kompyuta ile lilikuwa limechoka, feni inalalama, mfuniko umefungwa kwa bandeji. Tuliona haifai aondoke akiacha kitu cha aina hiyo, likanunuliwa jipya, naye akaomba kuhamisha vifaa iwe kazi yake ya mwisho. Akahamisha ubao mkuu, akahamisha diski mbili, moja ya vipimo na moja ya nakala. Akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa ikawaka, na kioo kikaandika kwamba hakuna diski.

Hakubabaika. Alichomoa nyaya akazirudisha, akabadilisha za umeme, akajaribu matundu mengine, akaingia kwenye mipangilio ya mashine kuona kama diski zimetambuliwa. Hazikuwamo. Akazirudisha kwenye kasha la zamani akiamini kosa ni la jipya, na hapo pia hazikuonekana. Akatega sikio: moja ilikuwa inagongagonga, ya pili kimya kabisa. Fundi kompyuta wa mjini alimpa pole. Wataalamu wa mbali walikaa nazo siku kumi, wakazirudisha pamoja na pole nyingine. Karatasi za zamani tulishazitupa kwa agizo la ofisi, ili tupate pa kuweka soli.

Wiki iliyopita mwalimu wa hesabu alipiga simu kusema mguu umepasuka. Tulimwambia aje apimwe upya. Akauliza aje kwa mguu upi, na hakuwa anatania.

Mama Vipimo aliiandikia ofisi kwamba uzembe ni wake. Ofisi ikamjibu kwa barua ya onyo, ya kwanza katika maisha yake yote ya kazi, na anastaafu barua hiyo ikiwa ndani ya faili lake. Chumba cha kompyuta haingii tena. Anashinda stoo, akipanga soli ambazo zimeshapangwa.

Mimi najua kilichotokea. Kasha jipya lilikuja bila skrubu za diski. Nilimpelekea nane kutoka kwenye boksi langu la magoti, nikamhakikishia kwamba zitafaa, kwa nini tusubiri. Zilishika vizuri. Lakini skrubu za goti ni ndefu, na ncha zake zilipenya hadi ndani ya diski zote mbili zikaharibu kila kitu. Siku alipozifungua skrubu zile, alizipanga mezani moja moja, akaziangalia, kisha akaniangalia mimi. Akazitia mfukoni mwa koti lake na kwenda kuandika taarifa ile. Nilimfuata koridoni nikitaka kusema. Akaniambia kwamba mimi bado nina miaka kumi na moja humu na watoto shuleni, yeye ana wiki tatu tu, kwa hiyo nifunge mdomo. Nikaufunga. Nimeona aibu kila siku tangu hapo, na kila siku nikaendelea kuufunga.

Wasifu huu nitausoma mwenyewe Ijumaa, mbele ya wafanyakazi wote, mbele ya mzee wake na wanawe. Mkuu wa karakana hajauona. Vipimo vya watu wale siwezi kuvirudisha, na sijui nitamtazamaje mwalimu akishuka kwenye basi.

Mama, umenisitiri ilhali sikustahili, na najua utanikasirikia kwa kusema. Kwa miaka ishirini na tisa umewafanya watu watembee, na kwa hilo karakana nzima inakushukuru. Nenda ukapumzike, uwe na afya, ule maisha na mzee wako. Barua ya onyo uiache hapa. Ni yangu.