Miche Iliyopitiwa na Mkasi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na mguu mmoja umewekewa tofali. Mimi hukaa upande wa tofali, ndiko kunakotulia. Asubuhi hiyo Kinyozi alitoka na trei ya miche ya nyanya, kaibeba kama mgonjwa. Wiki tatu ameiotesha chumbani chini ya taa ya kukuzia mimea. Mbegu zilikuwa za mwisho za marehemu mama mkwe wake, na mkewe alikuwa anarudi safari siku hiyohiyo.

— Bibi, tazama. Imerefuka kama nyuzi, sasa imelala.

— Taa umeitundika wapi?

— Darini.

— Hata mimi ningejinyoosha kuifikia.

Profesa, muuza magazeti anayesoma vichwa vya habari tu, akakohoa.

— Tatizo ni usingizi. Taa ikiwaka, miche inadhani ni mchana. Imechoka!

— Labda inaogopa mashine ya kunyolea, akasema Nusu Mita, fundi viatu, ambaye akikaa miguu inaning'inia.

— Basi ilikuwa inatoroka! Inatafuta dirisha! akadakia Profesa. Wewe Nusu Mita, wangekuwekea taa hiyo utotoni, leo ungekuwa mtu.

Nusu Mita akageukia kahawa yake. Mimi nikavaa miwani.

— Kinyozi, majani yako wapi?

— Nimeyapunguza, Bibi.

— Umeinyoa?

— Sijanyoa! Nimepitisha mkasi juu tu, ijae. Si nywele hujaa?

Kahawa ikanipalia. Profesa akajificha nyuma ya gazeti, kalishika juu chini.

Hapo mke wa Kinyozi akatokea, begi begani.

— Shikamoo, Bibi.

— Marahaba, mwanangu. Keti kwanza.

Hakuketi. Aliitazama trei, akamtazama mumewe.

— Kuna hata mmoja ambao hukuukata?

Wale mabingwa wawili wakachungulia vikombe vyao kana kwamba jibu limezama humo. Kisha Nusu Mita akaruka chini, akasogeza uso hadi kwenye trei.

— Huu hapa, pembeni. Umechelewa kuota. Ulikuwa mfupi, mkasi haukuufikia.

Hakuna aliyecheka. Nusu Mita akauchukua mwenyewe, akaingia nao ndani, tukamsikia akipaza sauti:

— Leteni kigoda, niishushe hii taa!

Kinyozi alikimbia na kigoda. Profesa akaenda kukishikilia kisiyumbe. Mama wa watu akawafuata, begi bado begani.

Mimi nikamalizia kahawa yao.