Kossack Asubiri Chini

Sogeeni, wanangu, wewe Wiebke na wewe Jörn, mfunge na huo mlango, maana pumzi iliyobaki kifuani ni haba na sitaki kuigawia wapita njia wa hospitali.

Najua Kossack, kocha wangu wa zamani, yuko chini, kwenye viti vya mapokezi, na maua yake mkononi. Muuguzi ameninong'oneza. Nawe Jörn umeshaanza: "Mama, mzee wa watu yule, mwache apande akuage." Mwanangu, una moyo wa marehemu baba yako, aliyekuwa akiuomba radhi hata mlango aliojigonga. Nisikilizeni mimi kwanza.

Nyumba ya kando ya mto Havel ni ya Wiebke, pamoja na gati na mitufaha yake. Jörn, chukua kayaki yangu ya mbao, mtumbwi wangu wa mashindano, wala usiwape wa makumbusho, hata wakikubembeleza. Medali zote mpelekeeni dada wa marehemu Heidelore, mwenzangu wa kayaki. Nilizivaa shingoni mimi, lakini zililipiwa kwa ini la Heidelore.

Heidelore ninyi mlimjua kwa picha tu. Tulikaa kayaki moja, mimi mbele, yeye nyuma, makafi yetu yakizama pamoja kama ya mtu mmoja. Tulikuwa wasichana wadogo. Kila asubuhi, kabla hatujagusa maji, Kossack alitufungulia kiganja chenye vidonge vya buluu. "Vitamini hizo, mabinti. Mezeni nione." Tukameza, naye akatukagua chini ya ulimi. Kumbe zilikuwa homoni za kiume: mabega yakatanuka, ndevu zikaota, sauti ikashuka hata mama yangu mzazi akaniuliza kwenye simu, "Wewe kijana ni nani? Hebu nipe Ortrun wangu."

Tulishinda, sikatai. Dunia nzima iliona migongo yetu. Lakini Heidelore alipoanza kuwa na macho ya manjano, Kossack alicheka mbele ya wote: "Kumbe uvivu una rangi!" Akampandisha botini hivyo hivyo, na nyuma yangu nikawa namsikia akitapika, kisha akipiga kafi, kisha akitapika.

Nawe Jörn, ulizaliwa mguu umepinda kwa vidonge vile. Nilikubeba nikampelekea Kossack akuone. Alikutazama kama mtu atazamavyo kafi lililopasuka, akasema, "Zaa mwingine." Haya, leo ndiye unayemwombea ngazi!

Heidelore alikufa nywele zake bado nyeusi. Kossack akaja na shada kubwa kuliko la mumewe, akasimama juu ya kaburi, akamsifu kwa moyo wake wa simba. Nilikuwa pale. Nikauma midomo nikaonja damu, na siku hiyo nikaapa kuwa nitayasema hadharani.

Ndiyo maana waliponialika kwenye sherehe ya kumpongeza Kossack, chama kizima cha kayaki kimevaa suti, keki ina umbo la kayaki, nilikwenda. Nikashika kipaza sauti nikayasema yote, kwa sauti hii hii aliyonipa yeye. Kisha nikamnyooshea kipaza sauti. "Sema mwenyewe, Wieland Kossack. Sema ulitupa nini." Akakisukuma pembeni. "Bila mimi, Ortrun, ungekuwa unakamua ng'ombe." Nikamwambia, "Ng'ombe ningewakamua, na mwanangu angekimbia nao."

Mchungaji naye alikuja jana kunikumbusha saba mara sabini. Nikamwambia: Baba Mchungaji, msamaha hupewa aombaye, na aombaye hutaja alichokosa. Huyu hataki msamaha. Anataka kuniona nikiitikia kwa kichwa, akawaambie wenzake kuwa bingwa amekufa ameridhika. Mpiga husahau; mpigwa hasahau.

Basi shikeni haya. Kossack asibebe jeneza langu, asinisemee kaburini, shada lake lirudi alikolitoa. Akitaka radhi, akasimame mbele ya chama kile kile, ataje vidonge, amtaje Heidelore, autaje mguu wa Jörn. Siku hiyo ninyi mtamsamehe kwa niaba yangu, nawapa ruhusa. Kabla ya hapo, simsamehe, hapa wala huko niendako.

Nipe maji, Wiebke... kidogo. Basi.

Njooni niwawekee mikono. Mungu awape miili yenu wenyewe, mzeeke nayo. Asiwakabidhi mikononi mwa mtu asiyewapenda. Pendaneni... gati lirekebisheni kabla ya baridi...

Nani anasimama? Jörn? Keti, mwanangu. Usishuke kumwita. Nishike huu mkono... Usishuke bado. Mpaka niwe... nimekwisha.