Ng'oeni Mawe ya Kigongoni

Sogeeni ndani nyote, na mwenye kutaka kutema mate ateme sasa, kwa sababu nikianza sitaki kukatizwa, na haya nitakayosema yamenikaa kooni miaka mitano kama mwiba wa kambare, na leo ama yatoke ama nizikwe nayo. Hidaya, mwanangu, niegemeze. Theresia, mjukuu wangu, kaa hapo mlangoni penye mwanga na kalamu yako. Wamisionari wa Mgeta walikufundisha miaka miwili tu kabla akida hajakutoa shuleni ukalime pamba yake, lakini miaka miwili inatosha kuandika uchafu wa mtu mmoja. Andika kama ninavyosema. Usinipambe.

Nimeita pande mbili. Huku wako wanangu niliowazaa na marehemu Pili, Hidaya na kaka zake, ambao kwa desturi yetu Waluguru ni watu wa ukoo wa mama yao, na ardhi yao ni kigongo kile cha juu, walikolala wazee wao. Huku yuko dada yangu Mwanaheri na mwanawe Stambuli, mpwa wangu na mrithi wangu, maana mwanamume kwetu harithiwi na aliowazaa bali na watoto wa dada yake, na ardhi yetu sisi ni bonde la chini, lenye migomba na udongo mweusi. Mimi Mwinjuma nimeishi katikati, nikala vya kigongoni na vya bondeni, kisha nikaichafua ardhi moja ili kuilinda nyingine.

Mmesikia wote kwamba Ijumaa anakuja Mdachi mpima ardhi. Anatafuta barabara ya motokaa iliyopotea majanini. Wanataka kuifungua tena mpaka Mlali, na safari hii haiji peke yake, kwa kuwa mlowezi mmoja amepewa ardhi ya pembeni mwake, hatua mia tatu kulia na mia tatu kushoto, alime pamba. Itakapoonekana barabara, hapo hapo mtu atafukuzwa kwake. Basi sikilizeni jinsi ilivyopita, kwa maana nilidhani tuliojua ilitakiwa kupita wapi ni wawili tu, mimi na mpimaji wa kwanza, naye alikuwa mgonjwa.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi lifike Morogoro. Akida alituita akasema kuna bwana ana gari linalokwenda bila ng'ombe wala moshi mwingi, na linataka njia pana hatua nane, lisiguse jiwe wala kisiki. Mimi nilikuwa jumbe, nikapewa unyapara, nikapewa na koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na niwaambie ukweli, nililipenda koti lile kuliko nilivyowapenda watu waliochapwa mbele yangu nikiwa nimelivaa. Vifungo vile nilikuwa nikivisugua kwa majivu.

Bwana aliyekuwa akipima njia alikuwa na karatasi, na kwenye karatasi alikwisha kupiga mstari, na mstari ule ulishuka bondeni kwetu, ukikata migomba ya mama yangu katikati. Alinionyesha kwa kidole. Kesho yake homa ikamwangusha, akawa anabebwa kwenye machela amefumba macho, akaniambia mimi nitangulie na vigingi, nivipige kufuata mstari. Nikatangulia. Tulipofika njia panda ya bonde na kigongo nikasimama, nikamwangalia, nikamwona anatetemeka chini ya blanketi, na nikapinda kulia. Nikapiga kigingi cha kwanza kigongoni kwa wakwe zangu.

Mtaniuliza nilifikiri nini. Nilifikiri kama mwanamume yeyote wa milima hii anavyofikiri, na hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi. Nilisema moyoni, kwa mke mimi ni mgeni, ardhi ya wakwe si ya mama yangu, nikiulinda ukoo wangu nimetimiza wajibu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sikufikiri kwamba wale ninaowaita wakwe ni damu ya wanangu, na kwamba mtoto niliyemzaa, nikamtahiri, nikamzika, amelala kule kule. Mnamjua kaka yenu Yunusi, aliyekufa kwa tumbo la kuhara akiwa na miaka tisa. Kigingi cha kumi na nne kiliangukia kichwani pake. Nilikishika mkononi, nikaangalia kushoto, kuna mwamba, nikaangalia kulia, kuna korongo, na kurudi nyuma kulikuwa kusema, bwana, nimekosea, njia ni kule bondeni. Nikapiga. Ardhi ilikuwa laini.

Watu walilima barabara ile miezi mitatu, wanawake wakibeba udongo kwa vikapu, na aliyechelewa alilazwa chini akapigwa viboko hamsa ishirini, nami nikihesabu kwa sauti. Pale kijito kinapokatiza kigongo tukapanga mawe makubwa pande mbili tukalaza magogo, ndiyo mawe yanayosimama mpaka leo, ingawa magogo yameliwa na mchwa. Kisha siku moja, siku moja tu, wanangu, gari la motokaa likapita. Halijapita tena mpaka leo.

Na lilipitaje? Lilikuja linakohoa, linanuka kama taa iliyomwagika, na bwana mwenyewe amevaa miwani mikubwa kama macho ya bundi. Wanawake walipangwa kando waimbe. Lilipofika mwinuko wa kigongo, likapiga kelele, likatema moshi, likazimika. Bwana hakushuka. Alipunga mkono. Tukafunga kamba, wanaume arobaini, tukalikokota, na mimi ndiye niliyeanzisha wimbo wa kuvutia ili mikono iende pamoja. Pili mama yenu alikuwa kando ya njia, akapaza sauti mbele ya askari, hakuogopa:

"Nyie! Si tuliambiwa linakwenda lenyewe?"

Watu wakacheka, hata askari mmoja. Mzee mmoja akamjibu, "Linakwenda lenyewe, mama. Sisi tunalisindikiza tu."

"Basi lisindikizeni vizuri," akasema, "maana naona mgeni kachoka na wenyeji ndio wanatoka jasho."

Alikuwa hajajua. Barabara ilikuwa imefukia kila alama, na kaburi la mtoto kwetu halina jiwe. Alijua tulipofika pale, kwa sababu aliukumbuka ule mwamba. Aliniangalia nikiimba, na mimi, shetani huyu mnayemwona amelala kitandani, sikuukata wimbo, kwa kuwa kamba ilikuwa imekaza na gari lingerudi nyuma. Tukalipitisha juu ya mwanangu kwa wimbo.

Tangu siku ile mama yenu hakuniita tena Baba Yunusi. Aliniita Mnyapara. "Mnyapara, ugali uko mezani." "Mnyapara, kuna wageni." Mkadhani ni utani wa mke na mume, mkacheka naye. Alinipikia, alinifulia, aliniuguza, na alikufa akiniita Mnyapara. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, sikuomba pole yake wala sikustahili.

Na lile gari? Lilivunjika chuma fulani huko mbele, likaachwa shambani kwa mlowezi, nimeliona kwa macho yangu kuku wakitagia ndani yake. Kwa ajili ya banda la kuku tulichapwa miezi mitatu. Majani yakarudi, vichaka vikarudi, barabara ikapotea, na karatasi ya bomani haikurekebishwa, mpaka leo mstari wake unashuka bondeni kwetu.

Sasa nakuja kwako, Stambuli. Usiangalie chini. Juzi ulikuwa hapo nje na rafiki yako mkadhani nimelala. Nilikusikia ukisema, "Mjomba anakata roho, mawe ya daraja yapo kigongoni, Ijumaa nampeleka Mdachi kwa mkono wangu, na cheo cha jumbe kitanikaa vizuri kuliko kilivyomkaa yeye." Rafiki yako akasema, "Na watoto wake je?" Ukasema, "Si ukoo wetu." Nilipokusikia nilijiziba masikio, mpwa wangu, na si kwa sababu yako. Lile lilikuwa neno langu mwenyewe, na sauti yangu mwenyewe, linatoka katika mdomo mchanga. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na nyoka ni mimi.

Basi jueni nilichofanya. Jana mjumbe wa akida alipokuja kuniuliza kwa niaba ya Mdachi, nilimwambia karatasi ni sahihi. Nilimwambia barabara ilipita bondeni kwetu, na kama haionekani ni kwa sababu mafuriko yaliizika. Nimesema uongo, ndiyo. Lakini pale ndipo mstari ulipochorwa tangu mwanzo, na pale ndipo ungepita kama mimi nisingepinda, kwa hiyo bonde limekuwa la wizi miaka mitano, na kila ndizi tuliyoila ni ya wizi.

Usinyanyuke, Stambuli! Kaa. Unasema ardhi si yangu peke yangu niitoe, na unasema kweli. Ni ya mama yako. Nilimwuliza kabla sijamjibu mjumbe. Mwanaheri, dada yangu, waambie... hapana, pumzika, nitasema mimi. Akasema, "Kaka, mimi nilijua. Nimekula ndizi za bonde lile nikijua. Waache walichukue." Hayo ndiyo maneno ya mwenye ukoo.

Sasa maagizo, maana pumzi inanipungukia.

Wanangu, leo hii, kabla jua halijafika kichwani, nendeni kigongoni mng'oe mawe ya daraja. Yote. Yaviringisheni korongoni. Palipo sawa palimwe matuta, mpande mihogo na maharage, na mitaro ya pembeni mfukie, ili mpimaji akipita asione ila shamba. Kwa Yunusi msipande kitu. Wekeni unga na maji, mwambieni baba yake amekiri.

Stambuli, migomba ya bondeni ng'oa machipukizi leo, usimwachie mlowezi. Na ninyi wanangu, mpeni binamu yenu huyu mahali pa kuyapanda huko kigongoni, yeye na mama yake, msimdai wala msimsimange. Sisemi anastahili. Nasema asipokuwa na pa kulima atawauza, na atakuwa amefundishwa na mimi.

Karatasi hii isifike bomani. Ni ya ugomvi wenu wenyewe, siku watoto wa Stambuli watakaposema waliporwa bonde, mwenye kusoma awasomee. Mimi nizikeni bondeni kwetu kama desturi, lakini palipo mstari, msinihamishe pembeni. Koti lile... lipo juu ya dari. Lichomeni. Msimpe mtu, hata maskini.

Mungu awape... subiri, Hidaya, maji kidogo... Mungu awape mikono isiyoshika kigingi cha mtu mwingine. Awape mvua ya kiasi. Mkizaa, mzae watakaowaita kwa majina yenu. Nimewasamehe mliponikosea, nanyi kama mnaweza... kama hamwezi, basi.

Sasa mnijibu, kama desturi, mmoja mmoja. Hidaya... nimesikia. Kaka zake... nimesikia. Dada... nimeona umeitikia kwa kichwa.

Stambuli.

Stambuli, neno lako moja kwa Mdachi na kazi ya wenzio yote ni bure, wewe unajua na mimi najua. Sikulaani. Sina tena nguvu ya kulaani. Nijibu tu.

Theresia, andika kwamba hajajibu. Hapana, usipige mstari wa mwisho... usifunge. Acha nafasi hapo chini, mjukuu wangu, ya neno moja. Msiondoke. Bado... bado nasikia.